Faibroidi: kuondoa uvimbe, kuziba mishipa au kutoa kizazi?

Mimi na dada yangu mkubwa tuliambiwa tuna faibroidi, yaani uvimbe wa kizazi, mwaka mmoja, tukipishana miezi miwili tu. Yeye alikuwa na miaka 46 na watoto watatu. Mimi 33, sijazaa. Uvimbe wake mkubwa ulipimwa ukaonekana wa sentimita 4, wangu 9, na kwa hesabu za ukoo mimi ndiye niliyeonekana mgonjwa wa kuombewa. Lakini aliyekuwa akizimia bafuni ni yeye. Kiwango chake cha damu, yaani hemoglobini, kilishuka hadi 6.8, pedi akawa ananunua Kariakoo kwa katoni kama mwenye duka, na siku zake za mwezi alilala juu ya khanga nne zilizokunjwa. Mimi na embe dodo langu tumboni nilikuwa naenda kazini kama kawaida, nikilalamika tu kwamba kila nusu saa natafuta choo na sketi zimeanza kunibana.

Leo dada hana kizazi. Mimi ninacho, kina kovu. Hakuna kati yetu anayetamani angepita njia ya mwenzake. Ndiyo maana mtu akiniuliza "njia ipi nzuri?" namrudishia swali: nzuri kwa tatizo lipi? Wengi tunaingia kwa daktari tukitaka kuupiga vita uvimbe. Uvimbe usiotoa damu, usiobana kitu na usiozuia mtoto, vita vyake ni vya nini? Tunachokitafutia tiba ni damu inayomwagika, au mgandamizo, au mimba isiyokaa, na kila kimoja kina njia inayokifaa.

Umekaa wapi?

Faibroidi huota kwenye misuli ya kizazi. Si saratani. Kila kivimbe huanzia kwenye chembe moja ya msuli iliyoamua kujizalia zake, na chakula chake ni homoni za kike, estrojeni na projesteroni. Ndiyo maana msichana ambaye hajavunja ungo hana, na mama aliyekoma hedhi, vivimbe vyake hunywea vyenyewe. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa kufikia miaka 50, zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi na karibu asilimia 70 ya weupe huwa nazo. Sisi weusi zinatuanza mapema, zinakuwa nyingi, tena kubwa. Wenye nazo wengi hawajui na hawatajua.

Sasa fikiria kizazi kama chumba chenye ukuta mnene. Kivimbe kinaweza kuota kikachungulia ndani ya chumba, kikajificha katikati ya ukuta, au kikatokea nje kama kibanda cha uani. Kile cha ndani ndicho mkorofi. Kikiwa na sentimita 2 tu kinaweza kukumalizia damu na kuzuia mimba kutua. Cha nje kinaweza kufika ukubwa wa nazi bila kuongeza hata tone kwenye hedhi yako, kisha kikakalia kibofu au utumbo mpana ukawa wa kukojoa hovyo na wa kufunga choo. Kipo pia kinachoning'inia kwa kikonyo. Kikonyo kikijisokota, maumivu yake hayasubiri asubuhi.

Dada alikuwa na cha ndani. Mimi cha nje, na sehemu yake imezama ukutani. Hapo tayari njia zetu zilishaachana, kabla hata ya kuulizana umri.

Kwa hiyo ukipewa majibu ya ultrasaundi yaliyoandikwa "faibroidi nyingi, kizazi sawa na mimba ya wiki 16" na basi, rudi kauliza: ziko ngapi, kubwa ina ukubwa gani, na je, kuna inayoingia kwenye chumba cha mimba? Bila jibu la swali la mwisho hakuna ulinganisho wowote utakaokusaidia. Na omba waangalie kama ni faibroidi kweli. Kuna hali nyingine, adenomayosisi, ambayo utando wa ndani ya kizazi huota ndani ya msuli. Nayo hutoa damu nyingi na kuvimbisha kizazi, lakini haina mpaka. Daktari akifungua tumbo akitegemea kumenya vivimbe atakuta hakuna cha kumenya.

Kusubiri nako ni kuchagua

Kama hazikusumbui, au zinakusumbua kidogo na una miaka 49, kusubiri kuna akili kuliko kisu. Pima baada ya miezi sita, kisha kila mwaka. Hedhi ikikoma, chakula cha uvimbe kimekoma.

Subira ina mpaka wake. Uvimbe unaokua baada ya hedhi kukoma, au damu inayotoka baada ya mwaka mzima bila hedhi, hiyo si ya kusubiri hata wiki. Ukiwa umevuka miaka 45 na damu inakutoka bila mpangilio, utando wa ndani ya kizazi uchukuliwe kipande upimwe kabla mtu hajaanza kukupangia tiba ya faibroidi.

Dawa: zinazuia damu, haziondoi uvimbe

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea, basi nitasema wazi. Hakuna kidonge kinachoyeyusha faibroidi ikaisha.

Kipo kinachopunguza damu. Asidi ya traneksamiki humezwa siku zile nzito tu, na kwa wengi hupunguza damu ya kutosha mtu aweze kukaa ofisini. Haina homoni, haiharibu mpango wa kupata mtoto. Aliyewahi kuganda damu kwenye mshipa wa mguu au mapafu asiiguse. Kitanzi chenye homoni nacho kinasaidia sana damu, ila chumba cha kizazi kikiwa kimepindishwa na vivimbe kitanzi huweza kutoka chenyewe, na hakimfai anayetafuta mimba sasa hivi.

Halafu zipo sindano za tumboni za kila mwezi, goserelini na ndugu zake, zinazokuingiza kwenye ukomo wa hedhi wa muda. Uvimbe hupungua, mara nyingi kwa theluthi hadi nusu, ndani ya miezi mitatu hadi sita. Ukiacha, unarudi. Joto la ghafla, jasho la usiku, mifupa inapungua nguvu. Kazi yake halisi ni kuandaa operesheni: hedhi inasimama, damu inapanda, uvimbe unakuwa mdogo, daktari anakata mshono mfupi. Mtu akikuuzia kama tiba ya kudumu, muulize mwezi wa saba atakupa nini. Vidonge vya kundi jipya, kama relugolix iliyochanganywa na homoni kidogo, viliidhinishwa Marekani na Ulaya mwaka 2021 na huko Marekani vimewekewa kikomo cha miezi 24. Vinazuia damu vizuri. Dawa iliyotangulia kupata sifa, ulipristali, iliwekewa masharti makali Ulaya mwaka 2020 baada ya baadhi ya wanawake kuharibikiwa ini hadi kuhitaji kubadilishiwa.

Vipi kuhusu vile vifurushi vya kuweka ukeni "kuvuta uchafu", na chupa za mitishamba zinazotangazwa kwa picha za nyama zilizotoka? Uvimbe ulio ndani ya ukuta wa msuli hauna njia ya kuvutwa na kifurushi kilicho ukeni. Kinachotoka ni utando uliochubuliwa na dawa. Dada alitumia miezi mitano huko. Alitoka na maambukizi na hemoglobini ileile.

Kitu kimoja cha bei ndogo kinasahaulika: vidonge vya kuongeza damu. Ukivimeza na chai ya rangi au maziwa umevitupa. Vimeze na maji ya chungwa au limau, na choo kikiwa cheusi usishtuke. Njia yoyote utakayochagua huko mbele, inaanzia kwenye damu ya kutosha.

Njia tatu za kweli

Kwa anayesumbuka hasa, mizani inabaki na vitu vitatu. Kwanza kuviona kwa pamoja:

| | Kuondoa uvimbe, kizazi kibaki | Kuziba mishipa ya damu | Kutoa kizazi |
|---|---|---|---|
| Kinachofanyika | Vivimbe vinamenywa, msuli unashonwa | Chembe ndogo zinapelekwa kwa mrija hadi kwenye mishipa inayolisha uvimbe | Kizazi chote kinatolewa, na vivimbe vyake |
| Usingizi | Nusu kaputi au ganzi ya mgongo | Ganzi ya sehemu na dawa ya kutuliza | Nusu kaputi au ganzi ya mgongo |
| Kurudi kazini | Wiki 4 hadi 6 kwa mshono wa tumbo | Wiki 1 hadi 2 | Wiki 6 hivi kwa mshono wa tumbo |
| Mtoto baadaye | Ndiyo, ndiyo sababu yake kubwa | Inawezekana, lakini si chaguo la kwanza | Hapana |
| Kurudi kwa tatizo | Vipya vinaweza kuota | Vinaweza kufufuka au kuota vipya | Hakuna |
| Hofu kubwa | Kupoteza damu mezani | Maumivu ya siku ya kwanza, na maambukizi | Operesheni kubwa isiyorudi nyuma |

Jedwali linafanya mambo yaonekane rahisi. Hayako hivyo.

Kuondoa uvimbe dhidi ya kutoa kizazi

Zamani za mabibi zetu, na hata sasa katika baadhi ya hospitali, mwanamke aliyevuka miaka 40 akija na faibroidi jibu lilikuwa moja. Mimi mwenyewe, nikiwa na miaka 33, daktari wa kwanza niliyemwona (hospitali siitaji) aliangalia picha dakika mbili akasema, "Hizi ni nyingi, bora tutoe kizazi upumzike." Nilimuuliza zipo ngapi. Akasema nyingi. Zilikuwa nne.

Hoja ya kuhifadhi kizazi ina mtu wake katika historia. Victor Bonney, daktari wa upasuaji wa Uingereza, alikuwa na mke aliyetolewa kizazi kwa ajili ya faibroidi wakiwa bado hawana mtoto, na hawakupata mtoto maisha yao yote. Bonney akatumia sehemu kubwa ya kazi yake katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 kuonyesha kwamba vivimbe vinaweza kumenywa kimoja kimoja na kizazi kikabaki. Kibanio alichobuni cha kuzuia damu wakati wa kumenya bado kina jina lake. Sipendi sana hadithi za madaktari mashujaa, lakini hii naikumbuka kila nikisikia "toa upumzike".

Kwa anayetaka mtoto, basi, mjadala ni mfupi: kuondoa uvimbe. Kinachobaki ni mlango upi. Kivimbe kilichochungulia ndani ya chumba na si kikubwa sana kinatolewa kwa kupitia ukeni kwa kamera nyembamba, bila mshono wowote, na mara nyingi unalala nyumbani siku hiyohiyo. Kama chako kiko hivyo na umeambiwa ufunguliwe tumbo, tafuta maoni ya pili. Vya ukutani na vya nje hutolewa kwa matundu madogo ya tumbo kama ni vichache na daktari ana mkono wa kazi hiyo, au kwa mshono wa tumbo kama wa kuzalia. Usiuonee aibu mshono. Vivimbe vikiwa kumi na tano, daktari anataka kuvipapasa kwa vidole, na vidole havipiti kwenye tundu la sentimita moja.

Hatari yake ni damu. Kizazi kina mishipa minene na kila kivimbe kinachomenywa ni jeraha. Madaktari wana mbinu: mpira wa kufunga mishipa kwa muda, dawa ya misoprostoli kabla ya kuanza, sindano ya kubana mishipa. Hata hivyo huku kwetu utaambiwa ulete ndugu wa kuchangia damu, nawe usikae ukingoje siku ya mwisho. Na ipo sentensi ndogo kwenye fomu ya ridhaa inayosema damu ikikataa kusimama, kizazi kinaweza kutolewa ili uokolewe. Mikononi mwa mzoefu hutokea mara chache mno. Isome kabla ya kutia saini, usije ukaisikia kwa mara ya kwanza ukiwa wodini.

Baada ya hapo kuna miezi ya kungoja kabla ya kushika mimba, kwa kawaida mitatu hadi sita au zaidi kutegemea kina cha mshono, na kama msuli ulikatwa kwa kina utashauriwa ujifungue kwa operesheni ili kovu lisipasuke uchungu ukija. Mama mdogo wangu aliposikia hilo alisema, "Mwanangu, sasa si ndiyo kukatwa mara mbili?" Nikamjibu, "Ndiyo, mama. Mara mbili, na mtoto."

Na vinarudi. Hilo halisemwi kwa sauti ya kutosha. Anayemenya vivimbe anaondoa vilivyopo, haondoi mbegu. Mwigizaji wa Kenya Lupita Nyong'o alisimulia mwaka 2025 kwamba mwaka uleule wa 2014 alipotwaa tuzo ya Oscar aligundulika na faibroidi 30, akafanyiwa operesheni, na sasa ameota nyingine zaidi ya 50. Si kila anayeota vipya anahitaji kisu tena. Vingi huonekana kwenye picha tu. Lakini kadiri unavyofanyiwa ukiwa kijana, na kadiri vilivyokuwa vingi, ndivyo miaka iliyobaki hadi hedhi kukoma inavyovipa vipya nafasi. Kwa hiyo kama una miaka 25, vivimbe havikusumbui na ndoa bado, usikimbilie "kusafisha" mapema ili uwe tayari. Utakapokuwa tayari huenda vingine vipo.

Upande wa pili wa mizani yuko dada. Miaka 46, watoto watatu, hataki mwingine, damu ya 6.8. Kutoa kizazi ndiyo njia pekee ambayo mtu anaweza kuapa kwamba faibroidi hazirudi. Kilichomtisha hakikuwa kisu. Aliogopa maneno: kwamba atakuwa "mtupu", kwamba mume ataondoka, kwamba atazeeka usiku mmoja. Haya yanahitaji majibu ya mwili, si ya kubembeleza. Kinachozeesha ni kutoa ovari, na ovari si kizazi. Kama ovari ni nzima na huna sababu nyingine ya kuzitoa, zinaachwa, homoni zinaendelea. Kukoma kwa hedhi kunaweza kuwahi kidogo, si usiku mmoja. Uliza swali hilo kwa maneno hayohayo: "Ovari zangu mnaziacha?" Tendo la ndoa linarudi baada ya wiki sita hadi nane, na wanawake waliokuwa wakitoka damu wiki tatu kwa mwezi mara nyingi husema limekuwa bora, sababu sasa lipo. Na kama mlango wa kizazi umeachwa, kupima saratani ya mlango wa kizazi kunaendelea kama zamani.

Kuna jambo moja linaloupa mzani uzito upande wa kutoa, nalo ni saratani ya msuli wa kizazi, sakoma, ambayo kwa picha hufanana na faibroidi. Ni nadra. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilikadiria kwamba mwanamke 1 kati ya 350 wanaofanyiwa operesheni kwa kudhaniwa wana faibroidi huwa na sakoma iliyojificha, ikaonya dhidi ya mashine inayosaga uvimbe ndani ya tumbo kwa kuwa inaweza kusambaza chembe. Makadirio mengine yalikuwa ya chini zaidi. Kwa mwenye miaka 30 hofu hii ni ndogo sana. Kwa aliyekoma hedhi na uvimbe wake unakua, inabadilisha kila kitu: hapo hapamenywi wala hapazibwi.

Kuondoa uvimbe dhidi ya kuziba mishipa

Hii ndiyo njia inayojulikana kidogo kwetu, basi nitakaa hapa zaidi.

Ilianzia Paris. Jacques Ravina na wenzake walikuwa wakiziba mishipa ya kizazi kabla ya operesheni ili kupunguza damu, wakaona baadhi ya wanawake wanapata nafuu kiasi cha kuahirisha operesheni yenyewe. Mwaka 1995 wakachapisha taarifa za wagonjwa 16. Kazi yenyewe haifanywi na daktari wa wanawake, hufanywa na daktari wa radiolojia anayetibu kwa mirija. Anaingia kwa kitundu kwenye kinena au kifundo cha mkono, anapitisha mrija mwembamba huku akiangalia kwenye skrini ya eksirei, anafika kwenye mshipa wa kizazi wa kulia na wa kushoto, anaachia chembe ndogo kama punje za mchanga. Uvimbe unakosa damu, unakufa polepole. Ukuta wa kizazi una mishipa mingine ya kuazima, unapona.

Dar es Salaam, mafunzo ya fani hii yalianza Muhimbili mwaka 2018 kwa ushirikiano na madaktari kutoka Chuo Kikuu cha Yale. Kabla ya hapo mwenye uwezo alipanda ndege. Nairobi nako huduma ipo kwenye hospitali kubwa. Nje ya miji hiyo uliza kwanza kabla hujaipigia hesabu, maana bingwa wa wanawake wa mkoani anaweza asiitaje kwa sababu tu hana wa kumpelekea.

Uzuri wake uko wazi: hakuna mshono, damu haipotei (hata anayekataa kuongezewa damu kwa imani yake ana njia hapa), vivimbe vyote vinashughulikiwa kwa mkupuo mmoja, wiki mbili uko kazini. Ubaya wake wa kwanza ni maumivu ya saa 24 za mwanzo, makali, yanayohitaji dawa za nguvu za hospitali. Kisha siku kadhaa za homa ndogo na uchovu kama wa malaria. Kwa wachache kipande cha uvimbe hutoka ukeni wiki au miezi baadaye. Homa kali na harufu mbaya wakati huo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Kwa waliovuka miaka 45 ovari zinaweza kuathirika na hedhi kukoma moja kwa moja. Na uvimbe haupotei: unapungua, mara nyingi kwa karibu nusu ya ujazo wake. Kama shida yako ni tumbo kubwa, hesabu hiyo ifanye kabla.

Uingereza walizipima njia hizi mbili ana kwa ana, wanawake 254, matokeo yakatoka mwaka 2020. Baada ya miaka miwili makundi yote mawili yalikuwa na nafuu kubwa, ila waliomenywa vivimbe walijisikia vizuri kidogo zaidi: wastani wa alama 84.6 dhidi ya 80.0 katika mia. Waliohitaji tiba nyingine ndani ya miaka hiyo miwili walikuwa asilimia 16 upande wa kuziba na 7 upande wa kumenya. Uholanzi nako, waliowafuatilia kwa miaka kumi wanawake waliozibwa badala ya kutolewa kizazi walikuta theluthi moja hivi wameishia kutolewa kizazi. Mtu anaweza kusoma namba hiyo kwa huzuni. Mimi naisoma hivi: wawili kati ya watatu waliokuwa wamepangiwa kutolewa kizazi walibaki nacho.

Kuhusu mtoto, mimba baada ya kuziba zipo na watoto wamezaliwa. Lakini kuharibika kwa mimba na matatizo ya kondo la nyuma vinatia wasiwasi wa kutosha kiasi kwamba kwa anayetaka kuzaa na vivimbe vyake vinamenyeka, kumenya ndiko kunakotangulia. Kuziba kunabaki kwa ambaye kumenya kwake kungekuwa hatari, mathalani aliyekwisha kufunguliwa tumbo mara mbili na matumbo yamegandana. Na kivimbe cha kikonyo chembamba hakifai kuzibwa.

Njia za kuunguza uvimbe kwa mawimbi ya sauti zipo duniani. FDA iliidhinisha mashine ya kwanza mwaka 2004. Kwa wengi wetu bado ni habari ya kusoma.

Mimi ningefanyaje

Ukiwa chini ya miaka 40, unataka mtoto, na una kivimbe ndani ya chumba: kitolewe kwa kamera kupitia ukeni, hata kama ni kidogo, hata kama damu si nyingi.

Unataka mtoto, vivimbe viko nje na havibani: jaribu mimba kwanza. Nasema hivi nikijua wauzaji wa operesheni hawatanipenda. Faibroidi za nje mara nyingi hazizuii mimba, na mume hajapimwa mbegu.

Una miaka 40 na kitu, umemaliza kuzaa, damu inakumaliza, lakini kisu hukitaki au huna wiki sita za kukaa nyumbani: nenda ukaonane na daktari wa kuziba mishipa, hata kama ni kwa mazungumzo tu. Mama mwenye genge au kibanda cha mihogo hana likizo ya ugonjwa, na wiki nne alizookoa ni kodi ya nyumba.

Umemaliza kuzaa, vivimbe vimejaa hadi kitovuni, umeshamenywa mara moja vikarudi: kutoa kizazi si kushindwa.

Miaka 50, hedhi zimeanza kuruka: dawa ya kupunguza damu, vidonge vya chuma, kalenda.

Kwenye bei, usilinganishe namba ya operesheni peke yake. Kuziba kunaonekana ghali kwa sababu chembe na mirija vinaagizwa, lakini humo hamna siku nne za kitanda. Kumenya kunaonekana nafuu hadi uongeze sindano za miezi mitatu, damu, kipimo cha nyama maabara na nauli ya anayekuuguza. Muulize mtu wa bima mapema kwa jina la tiba lenyewe, na upate jibu kwa maandishi. Sisi tuliambiwa kwa mdomo kwamba kipimo cha nyama kimo. Hakikuwemo. Na usikubali kukiacha: nyama iliyotoka mwilini ipelekwe ikaangaliwe.

Dada alingojea wiki tisa akipandisha damu kwanza, kwa chuma cha dripu kwa sababu vidonge vilimtapisha, akaingia chumba cha upasuaji akiwa na 10.4. Ovari zake zimeachwa. Mimi nilimenywa mwezi uliofuata, vivimbe vinne, na damu ya ndugu haikuhitajika. Binamu zetu wawili waliokuja kuchangia walikunywa soda wakaenda zao wakinitania. Nilipofika nyumbani nilikuta katoni ya pedi kwenye kitanda changu, ikiwa imebaki nusu. Dada alikuwa ameandika juu yake kwa kalamu nyekundu: "Urithi."